Mto Hupimwa Kiangazi

Mama Kigingi hakumpa mtu kibali cha kutumia mto ambao haujapimwa kiangazi. Hiyo ilikuwa kanuni yake, na kwa miaka kumi na tisa ya ukaguzi wa mazingira hakuivunja kwa ajili ya yeyote, hata ndugu. Jina lake lilitokana na kigingi, mti wenye alama za rangi aliopimia kina cha maji.

Safari hii ndugu ndiye aliyekuja. Mdogo wa mumewe, msimamizi wa ujenzi wa mtambo mdogo wa umeme wa maji, aliingia ofisini na faili kwapani, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Shemeji, sahihi tu. Leseni yetu ya umeme inakufa mwisho wa mwezi kama hatujaanza kuchimba, na bila kibali chako hatuchimbi."

Mama Kigingi akafungua faili. Maji yalikuwa yamepimwa mara moja tu, tena mvua zikiwa zimepamba moto.

"Hapa mmepima mafuriko, shemeji. Mto hamjaupima. Rudini baada ya miezi minne."

"Miezi minne leseni itakuwa imeshaoza! Vijiji vitatu viko gizani, zahanati inazalisha kwa tochi, wewe unalinda vyura?"

"Na wanaoteka maji mtoni, chini ya bomba lako la kuvutia maji ya mtambo, nao ni vyura?"

"Basi nenda kawaeleze wewe hao wajawazito."

Alitoka, akaacha kiti katikati ya chumba.

Maneno yale yalimkaa Mama Kigingi rohoni, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Kukataa ni rahisi. Mwenye kukataa kwa haki hana ruhusa ya kwenda kulala hapo hapo. Aliazima sheria ya umeme kwa mwanasheria wa wilaya, kitabu ambacho ofisini kwake hakuna aliyewahi kukifungua, akakisoma ukurasa kwa ukurasa. Kifungu kilikuwepo: leseni huongezwa muda ikiwa kinachochelewesha ni ukaguzi wa mazingira, ilmradi ombi lifike kabla haijaisha.

Shemeji alisaini ombi kwa kununa. Mama Kigingi akalipeleka mwenyewe ofisi ya leseni.

"Mama, ninyi wa mazingira si kazi yenu kutukwamisha?" karani wa leseni alimtania. "Leo mnatubembeleza?"

"Sibembelezi. Nimekuja kukusomea sheria yako."

Karani akacheka, akasoma, akagonga mhuri.

Kiangazi kilipofika, Mama Kigingi alivua viatu akaingia mtoni. Maji hayakumfika magotini. Kwa mchoro ule wa kwanza, bomba lingeyanywa yote. Mchoro ukabadilishwa, mtambo ukapunguzwa, sehemu ya maji ikaachiwa njia yake. Ndipo akatoa kibali.

Sasa zahanati ina taa na jokofu la chanjo, na walio chini ya bomba bado wanateka maji. Vijiji vilikaa gizani miezi saba zaidi, mwenye mradi akampa msimamizi mwingine kazi ile, na shemeji hajampigia simu hadi leo.