Mikononi mwa Mama Mkwe

Sabato moja baada ya ibada tulikuwa uani kwa mama mkwe wangu huko Nyamira, tukila ndizi za kuchemsha. Binti yetu alikuwa ametimiza mwaka, na mume wangu akasema kwamba hatutaongeza mwingine.

Shangazi ya mume wangu akaweka sahani chini. "Mmoja tu? Na jina langu atapewa nani?"

Wifi yangu akamjibu kwamba shamba la chai limegawanywa hadi ng'ombe hana pa kugeukia. Wakaanza kubishana. Mimi nilihofia atakachosema mama mkwe, aliyezaa tisa.

Yeye alimchukua mtoto, akamlaza kifuani.

"Nilizaa tisa, na ninamshukuru Mungu kwa kila mmoja," akasema polepole. "Lakini sikumbuki kumpakata hata mmoja mpaka akalala. Daima kulikuwa na mwingine analia, au chai inangoja kuchumwa."

Akaanza kumwimbia mtoto kwa Kigusii, taratibu, mpaka macho yakafumbika. Niliinuka nimchukue nikamlaze kitandani.

"Mwache, mwanangu," akaninong'oneza. "Leo sina haraka."