Isale Getini kwa Bwana Colin

Niliondoka London Jumapili ile kwa sababu mbili, na nitaanza na ile ya aibu. Nilikuwa naikimbia simu ya mama. Kila Jumapili, saa saba mchana kwa saa za huku, akishatoka kanisani kule Machame na kupata chakula, mama hunipigia na kuniuliza neno moja kabla hata salamu hazijaisha: "Umelipokea?"

Anachouliza ni isale. Kwa msomaji asiyetoka Uchaggani, isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani tunaoupanda kuweka mpaka kati ya kihamba na kihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo ya migomba na kahawa. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu akikukosea, kisha akalifunga fundo jani la isale na kukuletea, amekuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kukataa. Wazee wetu walimaliza hivyo hata ugomvi ulioshindikana kwa mangi, chifu wetu.

Mdogo wangu Anaeli aliyang'oa masale aliyoyapanda baba akayasogeza hatua nne ndani ya kipande changu. Nilipompigia kumuuliza, alinijibu, "Dada, wewe si mtu wa huku tena." Baadaye akajirudi. Mwezi wa kumi binamu yetu alifika London na bahasha kutoka kwake. Ndani mlikuwa na jani la isale lenye fundo, na karatasi: "Masale nimeyarudisha alipoyapanda baba. Nimekosa, dada."

Bahasha nikaitia kwenye droo ya jikoni, chini ya bili za gesi. Mpaka ulikuwa umerudi, lakini lile neno lilikuwa bado limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tena nikiri jambo lingine: kuonewa kuna utamu wake, na mimi nilikuwa sijamaliza kuumung'unya. Binti yangu, aliyezaliwa huku na anayesikia Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, aliniambia kwamba lile ni jani tu, nimpigie mjomba simu yaishe. Nikamwambia anyamaze, hajui kitu.

Sababu ya pili ilikuwa Jean. Nilipoanza kazi ya uuguzi hapa, miaka mingi iliyopita, Jean ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi yetu. Alinionyesha mambo ambayo hayaandikwi popote: jinsi ya kumwambia daktari kwamba amekosea bila kumwambia amekosea, na mahali pa kulia dakika tano bila mtu kukuona. Alipostaafu alirudi kijijini alikozaliwa, kusini, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni. Mwaka huu aliniandikia: "Njoo Mei. Tunazunguka mipaka ya parokia. Vaa viatu vya maana."

Saa moja na robo asubuhi nilipanda treni stesheni ya Thornton Heath, nikabadilisha East Croydon. Nilikuwa na mkate wa ndizi niliouoka mwenyewe, maana kwetu hatuendi ugenini mikono mitupu. Simu niliizima kabla hatujaondoka Croydon.

Baada ya nusu saa nyumba zilianza kuachana. Kisha ikaja mikunjo ya vilima vya kijani, kondoo, na miti iliyochanua maua meupe kandokando ya mashamba. Nimekaa Uingereza miaka ishirini na miwili, na nchi yenyewe nilikuwa naijua kama mgonjwa anavyoijua hospitali, kwa dirisha moja tu.

Saa tatu Jean alinipokea kwenye stesheni isiyo na mfanyakazi hata mmoja. Alinikumbatia, akautazama mkate, akaitazama miguu yangu.

"Hivyo ndivyo viatu vya maana?" akauliza.

"Ni vya Machame," nikamwambia. "Vimepanda milima mirefu kuliko hiyo yako."

Jina la parokia yake aliniomba nisiliandike, kwa hoja kwamba watu wa London wakifurika nani atawakaangia mayai. Nitasema tu kwamba ina kanisa dogo la mawe ya gumegume, yale meusi yanayong'aa yakivunjwa, yaliyookotwa mashambani na mikono ya watu. Makaburini nilisoma majina, nikaona majina matatu ya ukoo yakirudiarudia toka jiwe hadi jiwe, mengine yamelika kwa mvua hata kidole ndicho kinachosoma. La Jean ni mojawapo. "Wale pale ni wangu wote," alisema, akinionyesha safu nzima. Niliwasalimia kwa adabu.

Saa nne na nusu, ibada ilipokwisha, tulikuwa watu kama ishirini pale mlangoni, kila mmoja na fimbo iliyomenywa maganda. Kazi yenyewe ni hii. Parokia ina mawe ya mpaka, mengine yana miaka mingi kuliko kumbukumbu ya mtu. Siku hiyo watu huyazunguka yote kwa miguu. Wakifika kwenye jiwe, kasisi huomba baraka ya mazao, kisha wote huligonga kwa fimbo. Zamani hapakuwa na ramani, kwa hiyo mpaka ulihifadhiwa vichwani mwa watu, na ili usisahaulike, watoto walipinduliwa miguu juu, wakagongeshwa kichwa kidogo kwenye jiwe.

"Mimi nilipinduliwa kwenye hili," Jean alisema tulipofika jiwe la tatu, juu kabisa kilimani. "Nilikuwa na miaka saba. Sijawahi kulisahau."

Toka pale juu niliiona parokia nzima, na nilisimama nikasahau kugonga. Ilikuwa ndefu na nyembamba, kama kanga iliyoanikwa. Juu malisho ya kondoo kwenye udongo mweupe wa chaki, chini yake mashamba ya ngano, kisha kijiji na chemchemi zake, na bondeni kabisa msitu na kijito. Jean alieleza kwamba waliogawa ardhi walikata vipande kutoka kilimani hadi bondeni, ili kila kijiji kipate malisho, shamba, maji na kuni. Nikamwambia wazee wetu nao walikata hivyohivyo, kihamba juu kwenye baridi na shamba la mahindi chini tambarare. Hawakuwahi kuonana, na kila mmoja alijua kwamba mtu mmoja hawezi kupewa maji yote. Nilijisikia nimefika kwa jamaa.

Saa saba mchana tulikula sandwichi na mkate wangu wa ndizi chini ya ua wa miti. Nilijua kule Machame simu inaita bure. Nilikula haraka.

Saa nane tulifika bondeni, na hapo msafara ukaiacha njia ya mpaka ukashika barabara ya lami. Niliuliza kwa nini. Jean alinionyesha geti lenye mnyororo. Jiwe la tisa liko ndani ya uwanja wa mkulima aitwaye Bwana Colin, naye alifunga geti miaka mitano iliyopita, akakataa kusalimiana na wanaparokia. "Mambo ya zamani," Jean akasema, akiongeza mwendo.

Basi nikatazama lile geti, na nusura nianguke. Pembeni yake, juani, palikuwa na chungu kikubwa, na ndani ya chungu, isale! Lilikuwa na mstari wa njano katikati ya jani, kama limevalia safari ya Ulaya, lakini isale ni isale.

"Jean!" nikapiga kelele. "Ameomba msamaha! Ameliweka getini! Mnampitaje?"

Sikungoja jibu. Nilipanda geti, kwa umri wangu huu, nikasimama uwanjani nikapiga hodi kwa sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Akatoka mzee mrefu, taulo la vyombo begani.

"Unamtafuta nani?" akauliza.

"Nimekuja kwa niaba ya wale," nikasema, nikiwaonyesha. "Tumeliona. Tumelipokea. Tumekusamehe."

"Mmenisamehe?" Alilitoa taulo begani. "Nimekosa nini?"

Nikamweleza habari ya isale, ya Uchaggani, ya fundo, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga. Aliligeukia lile ua.

"Ni la mke wangu," alisema. "Alifariki miaka mitatu iliyopita. Kila Mei alikuwa akilitoa nje lipate jua. Nami huwa nalitoa."

Ardhi ingepasuka ningeingia bila kuuliza. Lakini nyuma yangu nilisikia geti likilia, na Jean, mwenye miaka sabini na tano, naye anapanda. Alikuja akasimama mbele ya Bwana Colin, kofia mkononi.

"Ni sisi, Colin," alisema. "Mwaka ule geti tuliliacha wazi sisi, na kondoo wako wawili wakagongwa barabarani. Hakuna aliyekuja kukupa pole. Mimi sikuja, na nilijua."

"Miaka mitano, Jean."

"Miaka mitano," Jean akasema.

Kumbe nilikuwa nimemsamehe aliyekosewa! Nikamwomba Bwana Colin ruhusa, nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama mama alivyonifundisha, nikamkabidhi Jean. Jean, mama mkuu wa wodi aliyewahi kuwatoa madaktari jasho, alimnyooshea mkulima yule jani kwa mikono miwili. Bwana Colin aliligeuzageuza.

"Na mtu akilikataa," akaniuliza, "inakuwaje?"

"Hakatai mtu," nikajibu upesi, kama mtoto wa kipaimara.

Akaitikia kwa kichwa, akaliweka jani kwenye mfuko wa shati, akaenda kutafuta ufunguo wa mnyororo. Mimi nilibaki pale na jibu langu. Niliiona droo yangu ya jikoni waziwazi, na bili za gesi juu yake. Nilikuwa nimevuka geti la watu kuwahubiria sheria niliyoikalia mwenyewe tangu mwezi wa kumi.

Jiwe la tisa lilikuwa nyuma ya banda, limemezwa na upupu wa Kizungu. Bwana Colin aliufyeka, na watu ishirini waliingia kwa geti lililo wazi, wakiwa wapole kama watu walioingia msibani. Kasisi aliomba. Walinipa mimi niligonge kwanza. Baadaye tulikunywa chai uwanjani kwa vikombe visivyolingana, na wa mwisho kutoka alilifunga geti, akalijaribu mara mbili. Bwana Colin alinishika mkono kwa kuniaga akasema asante, na mimi nikashindwa kumwambia kwamba asante ilikuwa yangu.

Saa kumi na moja jioni Jean alinisindikiza stesheni. Nilimshukuru kwa siku, kwa kilima, na kwa miaka yote ya wodini, kwa maneno mengi kuliko anavyopenda. "Nenda," alisema, "treni haingoji hotuba." Lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Njiani niliwasha simu. Mama alikuwa amepiga mara tatu. Nilitazama vilima vikirudi nyuma nikafikiri kwamba Jean na Bwana Colin walikaa mwendo wa dakika kumi kati yao kwa miaka mitano, na jiwe halikusogea hata kidole. Walichokikosa ni mtu wa kuvuka. Kwangu, mtu alishavuka, kilomita elfu kadhaa ndani ya bahasha, na mimi nikamweka chini ya bili.

Saa moja jioni nilikuwa jikoni kwangu Thornton Heath, viatu vya Machame bado miguuni. Nilifungua droo. Jani lilikuwa limekauka na kugeuka rangi ya chai, ila fundo lilikuwa limeshika vilevile. Nikaliweka kiganjani, nikampigia Anaeli.

Aliitika mlio wa kwanza.

"Nimelipokea," nikasema.

Nyuma yake nilisikia sauti ya mama ikiuliza ni nani.

"Miezi saba, dada," akasema.

"Nilikuwa njiani, mdogo wangu."

Kisha akaniambia kama tunavyomwambia mtu aliyefika nyumbani.

"Pole na safari."