Kadi ya Kukatia Ukindu

Neno lililoharibu mambo lilikuwa kadi. Bwana misitu alilitamka vizuri tu, amesimama mbele ya ubao katika skuli yetu huku upande wa Msuka, faili kwapani. Mimi nilikuwa dawati la mbele naandika, mwanangu wa kwanza akinyonya ndani ya buibui. Kamati ya msitu ilikuwa na wanaume wanane na mimi. Walinifanya katibu kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Hakuna aliyetaka kusikia sauti yangu.

"Serikali haitaki tena kukufukuzeni msituni," alisema. "Sasa mnashirikishwa. Mwenye kutaka kuni kavu, mwenye kutaka ukindu wa mikeka, atapewa kadi na sheha, ataingia kwa utaratibu."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Kadi ya chama gani?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia na kutugawa. Ndugu wa tumbo moja walikuwa hawazikani. Mtu alipita maduka mawili akaenda kununua chumvi la tatu, kwa kuwa mwenye duka la tatu ndiye wa upande wake. Siku zile kwetu ukisema kadi umesema kitu kimoja tu, na sheha, mkuu wa mtaa aliyewekwa na serikali, yuko upande gani hata watoto walijua. Bwana misitu, mtu wa Unguja aliyehamishiwa Chake Chake, alieleza mara tatu kuwa hii si kadi ya siasa, na kila akieleza alilirudia neno lile lile. Ningeweza kumkatiza. Nikaandika: "Wananchi wameelewa."

Aliyekuwa na haja kuliko wote ni mama mkwe wangu. Wifi yangu wa mwisho alikuwa aolewe mwezi wa mfungo nne, na kwetu mama ndiye anayemsukia binti yake mikeka ya kwenda nayo. Ukindu wake wote uko ndani ya msitu ule.

"Mama, chukua tu," nilimwambia. "Ni karatasi."

"Kadi ya kwanza, ile ya chama, n'liambiwa karatasi vilevile. Nikanuniwa na dada yangu mpaka leo." Akachukua mundu wake. "Mie ukindu nakata tangu weye hujazaliwa, mwanangu. Leo n'kaombe kwa sheha?"

Alirudi kabla ya adhuhuri, mikono mitupu, kiganja cha kulia amekikumbatia kifuani. Akasema ameanguka. Jirani aliyekuwa naye ndiye aliyenambia: mlinzi wa msitu aliukamata mzigo, mama akaukatalia, akavutwa nao mpaka akaangukia shina. Mlinzi akauchukua, na mundu pia. Mkono ulikuwa umevimba kama boga. Nikamkanda kwa maji ya moto, naye ananitazama mimi badala ya mkono.

"Karani wa kamati weye," alisema. "Mliandika nikikamatwa nivutwe?"

Nikakichovya kitambaa tena kwenye maji.

Kikao kilichofuata nilikwenda na wanawake kumi na kitu. Hawakualikwa. Waliingia, wakakaa kwenye madawati na chini. Sheha akauliza hii ni kamati au shughuli ya harusi. Nilisimama kabla ajenda haijasomwa, nikasema mtu ameumizwa msituni na kadi ile hakuna anayeitaka.

Bwana misitu alilifungua buku langu. "Bibie, umeandika mwenyewe hapa. Wananchi wameelewa."

"Niliandika uongo."

"Nani alikutuma uandike uongo?"

"Niliogopa. Sheha alikuwa amekaa pale pale alipo sasa."

Sheha akaguna. Mtoto akaanza kulia, nikamhamishia bega jingine bila ya kukaa. "Unatwambia tunashirikishwa. Mie nimesoma sarufi, hiyo kauli ya kutendwa. Hata mbuzi wa harusi anashirikishwa."

Wanawake waliangua kicheko. Bwana misitu hakucheka. Mama mkwe akanyanyuka, mkono umefungwa kitambaa.

"Mwanangu, weye ushawahi kukata ukindu?"

"Hapana, mama."

"Basi sikiliza. Mkindu unaukata jani changa moja, linalofuata unaliacha. Ukikata yote mawili mti unakufa. Na nilipokata mie mwezi huu, huyu hapa hakati, atakwenda kwengine. Hatukuandikiana kadi. Tunajuana. Weye umekuja kulinda nini usichokijua?"

Bwana misitu alikaa kitini taratibu. Akauliza, basi mnataka nini. Nikasema: pasiwe na kadi, pasiwe na muhuri wa sheha. Wanawake watachagua watatu kati yao, ndio wasimamizi wa kukata, na mlinzi afuatane nao, mikono yake nyuma.

"Mnanidharau," alisema sheha.

"Hatukudharau, sheha," alijibu jirani yetu. "Muhuri wako tu ndio hatuutaki."

"Mimi sina mamlaka ya kubadilisha," alisema bwana misitu.

"Basi waliokutuma kutushirikisha walikutuma bure," nikasema.

Sheha aliondoka bila ya kuaga, na wanaume wanne wa kamati nyuma yake. Nikajua mume wangu ataambiwa barazani jioni ile ile, na kweli aliambiwa, na tukagombana. Lakini bwana misitu alibaki. Mwisho akasema, mwezi mmoja, tujaribu, na mkikata ovyo lawama ni yangu na yako.

Tuliingia msituni Jumamosi. Mlinzi alimrejeshea mama mundu, kakamata upande wa makali, mpini mbele. Mama hakumpa salamu. Hakuweza kukata, nikakata mimi, yeye ananipigia kelele kila hatua: "Liache hilo! La mwezi ujao hilo, macho huna?"

Ukindu tuliupata wa kutosha. Tukauanika, tukautia rangi. Ila vidole vyake havikukunjika tena vizuri, na mfungo nne haukumngoja. Mikeka ya wifi yangu tuliisuka sisi wakaza wana, kingo zimekwenda upande, mama amekaa mlangoni anaelekeza kwa mkono wa kushoto. Siku ya kuitandika aliitazama, akageuza uso. Wageni walisema ni mizuri. Mimi nilitaka kumkamata mtu nimtingishe, na sikujua nianze na mlinzi, au na sheha, au na yule aliyeandika kuwa wananchi wameelewa.