Kilima Nyuma ya Kamba ya Nguo

Bi Rangi alianza na maporomoko ya maji, ingawa maishani mwake hakuwahi kuona maji yakiporomoka zaidi ya yale ya bomba la jikoni. Aliyanakili kutoka kwenye kalenda, akayatilia bata weupe, na wenye saluni na nyumba za wageni wakanunua. Mumewe, fundi cherehani, alivumilia miaka sita. Siku moja akakata uzi kwa meno, akauliza:

"Mke wangu, hao bata wako hawachoki kuogelea? Hebu chora unachokiona."

"Ninachokiona ni kamba ya nguo zako."

"Na nyuma ya kamba?"

Nyuma ya kamba kulikuwa na kilima. Bi Rangi alinuna siku mbili, kisha akakichora, na kwa miaka ishirini hakuchora kingine. Alichora kila jani, kila jiwe, mpaka mbuzi wa jirani akawekewa kope. Picha moja ilimla miezi minne.

"Ukimaliza," mumewe akasema, "kilima kitakuwa na mvi."

Halafu picha zikaanza kulegea. Majani yakawa madoa, mawe yakawa vivuli, kilima kikaelea ndani ya ukungu. Wajuzi wa sanaa wakaja na maneno mazito: eti amefika kwenye roho ya mandhari. Bi Rangi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekusudia. Binti yake, muuguzi, ndiye aliyemshika kidevu akamtazama vizuri.

"Mama, hii si roho. Huu ni mtoto wa jicho."

Akapasuliwa. Bandeji zilipotoka, aliingia chumba chake cha kazi akasimama kama aliyeibiwa.

"Nani kamwaga uji humu?"

Akashika brashi azisahihishe picha zote za ukungu. Mumewe akawahi kuzisukuma chini ya meza ya kukatia vitambaa, akaketi mbele yake, mkasi mkononi.

Wiki nzima Bi Rangi alichora majani kama zamani. Yalitoka sawasawa, yakamchosha. Siku ya nane akaomba picha moja ya uji, akaitazama mpaka chai ikapoa. Akakiri, shingo upande, kwamba yule kipofu aliyeichora alijua cha kuacha.

Siku hizi kilima ni mistari mitatu. Minne, akiwa na furaha. Picha huisha kabla ya adhuhuri, na fundi hulalamika kwamba amebaki na mke asiye na shughuli, mwenye macho makali, anayeshinda akimkosoa mishono.