Usicheke na Picha ya Pili

Mume wangu wanamwita Usicheke, na wengi wanaomwita hivyo hawamjui mwenyewe, wanaijua sauti yake tu. Miaka thelathini na moja amepiga picha za pasipoti katika chumba cha hatua tano kwa nne, mkabala na ofisi inayotoa hizo pasipoti. Ofisi haitaki meno. Haitaki kichwa kilichoinama, wala miwani, wala kivuli ukutani. Basi kutwa nzima kazi yake ni kuwaambia watu, "Tazama hapa. Funga mdomo. Usicheke." Akitoka nje kununua gazeti, watoto wanamwimbia neno lake, naye ndiye wa kwanza kuangua kicheko.

Chumbani mna shuka jeupe lililotandazwa ukutani, stuli, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba kwenye msumari, kwa sababu vitana vitatu vya kwanza viliondoka na wateja. Na mna koti jeusi. Koti ni mali ya studio. Mwanamume anayekuja na fulana hulivaa, awe mfupi awe mrefu. Mikono ikizidi haidhuru, mikono haionekani kwenye pasipoti. Nusu ya wanaume waliotoka hapa kwenda kutafuta maisha, ukizitazama pasipoti zao, wote wana koti moja.

Sasa kuna picha ya pili. Akishabonyeza ile ya ofisi, husema, "Haya, imeisha, pumua." Mtu hupumua. Mabega hushuka, uso unarudi kuwa wake, na mara nyingi hutamka neno, lolote lililokuwa limemkaba kooni. Hapo anabonyeza tena. Hiyo haiuzi. Humwomba mwenyewe ruhusa ya kuitunza, na wengi hukubali huku wakimshangaa. Tangu alipoachana na kamera ya filamu amezikusanya elfu kumi na moja na ushee, zimepangwa kwa tarehe ndani ya kompyuta, bila jina hata moja. Maneno ya watu wote hao yamo kichwani mwake.

Na mimi nijieleze, maana bila mimi hadithi hii ingekuwa nyingine, na ingekuwa nzuri. Nilikuwa karani wa manunuzi kwa miaka ishirini na sita. Kazi yetu ina sheria moja: hununui hata sindano bila bei tatu za wauzaji watatu, zikapangwa kwenye jedwali, jedwali likatiwa saini. Nilistaafu ofisi, jedwali halikunistaafu. Nyumbani kwangu hakuna ndoo wala ufagio ulioingia bila kushindanishwa na wenzake. Mume wangu akaniita Bei Tatu, jina likaenea, na mimi nilikuwa nikilionea fahari. Mtu hajui anachojivunia mpaka kimgeuke.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho. Akamwambia imeshakula pembeni na sasa inaingia katikati, na kwamba matone yatachelewesha tu, hayatarudisha. Mume wangu akauliza amebakiwa na muda gani. Daktari akasema, "Hesabu miezi, mzee. Usihesabu miaka."

Alirudi akaketi kitandani, akavua kiatu kimoja, cha pili akakiacha mguuni. "Bei Tatu," akasema, "nataka kufungua blogu."

Nilidhani habari mbaya imemrukisha akili. Lakini alikuwa amekwisha kuliwaza jambo lenyewe. "Nikiiona sura, neno lake linakuja," akasema. "Nisipoiona haliji. Nimejaribu njiani kufumba macho, haliji. Kichwa changu kinafunguliwa na macho. Kwa hiyo mimi nitazame, niseme, wewe uandike. Tuweke picha na neno lake mahali ambapo mama wa mtu, popote alipo, atafungua simu amwone mwanawe kama alivyokuwa."

Tukajaribu palepale. Akafungua picha ya kijana mmoja ndani ya koti lile. "Huyu alipopumua alisema, 'Kiatu kinanibana tangu asubuhi.' Kiatu cha kuazima."

"Hukumwambia kiatu hakionekani?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Najua, lakini mimi mwenyewe ninajua nimevaa.'" Akafungua nyingine, ya msichana. "Huyu alisema, 'Nikifika nitalala siku tatu, halafu ndiyo nianze kulia.'"

Nilicheka na kulia pamoja. Nikamwambia, "Mume wangu, kazi hii si ya kuweka popote. Niachie mimi nitafute jukwaa." Wallahi ningejua, ningejifunga mdomo kwa uzi.

Nikachora jedwali. Majukwaa ya kuanzishia blogu yalikuwa matatu, kama ilivyo ada, halafu nikasoma makala moja kwenye intaneti yakawa sita, halafu tisa. La kwanza lilikuwa la bure. Nikapakia picha moja kulijaribu, likaibana mpaka koti jeusi likatoka la kijivu na macho ya mtu yakawa madoa. Nikalikata. La pili lilikuwa la bure pia, picha zikitoka safi, ila liliweka matangazo pembeni. Karibu na shavu la yule msichana pakatokea tangazo la dawa ya kuua mende. Nikalikata kwa hasira. La tatu lilikuwa la picha tu, maneno likiyakatia kwenye mstari wa pili. La nne lilikuwa la kulipia kila mwaka, zuri sana, lakini ukiacha kulipa linafuta kila kitu. Nikajiuliza, na tukifa je? La tano lilihitaji ujijengee mwenyewe, na mimi si fundi.

Ona sasa. Kila kasoro niliyoitoa ilikuwa kasoro ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mjinga ningejisamehe.

Mwezi wa pili wa kutafuta mume wangu alisema, "Tuanze kuandika hata kwenye daftari, tutahamisha baadaye." Daftari lilikuwa pale mezani, na kalamu juu yake. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi mara mbili, na kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema, "Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo." Tukacheka. Tumeoana miaka mingi, tunapigana kwa methali na kwenda kulala.

Binti yetu akapiga simu kutoka huko anakofanya kazi. "Mama, chagua lolote. Mchagua jembe si mkulima." Nikamwambia asinifundishe jembe, yeye hata kucha hajawahi kuzichafua.

Mwezi wa tatu mume wangu alianza kuiweka bilauri ukingoni mwa meza, nami naidaka. Mwezi wa nne aliigonga stuli yake mwenyewe, iliyokaa mahali pamoja kwa miaka thelathini na moja. Akiketi mbele ya kompyuta alisema, "Ongeza mwanga." Nikaongeza. "Ongeza tena." Nikasema skrini hii imechakaa. Na unajua nilifanya nini? Nikachora jedwali la skrini.

Mwezi huohuo wa nne alikuja fundi cherehani. Huyu ana kibanda jirani na studio, ndiye anayelitia viraka koti letu. Mwanawe wa pekee aliondoka miaka tisa iliyopita, na mwaka wa pili simu yake ikanyamaza, mpaka leo. Alichobakiwa nacho ni nakala ya pasipoti, mtoto amefunga mdomo kama mshtakiwa. Alikuwa amesikia habari za blogu. Akasimama mlangoni kwetu nyumbani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Dada, naomba tu shemeji aitazame ya mwanangu, aniambie alisema nini."

Mume wangu alikuwa chumbani, amelala, nimetoka kumtia matone. Ningeweza kumwamsha. Nikasema, "Vumilia kidogo, dada yangu. Nimebakiza majukwaa mawili tu ya kulinganisha. Nataka yako iwe ya kwanza, iwekwe mahali pa heshima." Akanishukuru. Alinishukuru kwa mikono miwili, akarudi kwenye cherehani. Mume wangu alipoamka sikumwambia, kwa kuwa sikuona kama kuna la kumwambia.

Mwezi wa nane nikalipata jukwaa. Yale yote niliyoyataka lilikuwa nayo: picha haibanwi, tangazo halipo, maneno hayakatwi, kwenye simu ndogo linafunguka upesi, na ukiacha kulipa picha zinabaki. Nikatengeneza ukurasa mweupe kama lile shuka lake, nikauandikia juu jina alilolitaka yeye, Picha ya Pili. Nikampelekea fundi cherehani ujumbe aje saa tano. Asubuhi ya Jumatano, saa nne, nikamketisha mume wangu mezani, nikanawa mikono kana kwamba nakwenda kupokea mtoto, nikafungua picha.

"Haya, sema."

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akitafuta pa kuchungulia. "Imefunguka?"

"Imefunguka."

Akarudi nyuma kwenye kiti. "Naona mwanga," akasema. "Watu siwaoni."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema wiki ya tatu sasa. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, na nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Akasema, "Nilikuona umekaribia kupata. Sikutaka kukuvunja moyo."

Sikulia wakati ule. Mimi ni mtu wa kutengeneza mambo, nikaanza kutengeneza. Nikamwambia basi mimi nitakuwa macho yako. "Huyu ni mwanamume. Kijana. Amevaa koti jeusi."

"Wote wamevaa koti jeusi, mke wangu."

"Anatabasamu."

"Wote wanatabasamu."

"Ana uso wa... wa kawaida."

Nilihamia nyingine, na nyingine, na nyingine. Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote hii nimetazama bei za vitu na sikujifunza kutazama watu. Nilikuwa na maneno arobaini ya kueleza karatasi, uzito wake, weupe wake, na ya kueleza uso sikuwa nayo matatu.

Saa tano fundi cherehani akafika. Alikuwa amevaa gauni la kutokea. Sikujua namna ya kumwanzia, nikamwachia kiti changu. Tarehe aliijua, mama hasahau tarehe ya namna hiyo. Dakika kumi hazikuisha akawa ameipata picha mwenyewe. Kijana amecheka mdomo wazi, koti limemwanguka bega moja, kichwa kimerudi nyuma kidogo. Alimtazama kwa muda mrefu, akamfuta vumbi kwenye kioo kwa upindo wa kanga.

"Shemeji," akasema, "mdomo uko wazi hapa. Kuna kitu anasema. Alisema nini?"

Mume wangu akasema, "Nieleze alivyo, dada."

Akamweleza. Yeye hakukosa maneno. Alimweleza kovu la nyusi alilolipata kwa kuanguka kitandani, sikio moja lililotangulia jingine, kicheko kinachoanza upande wa kushoto. Mume wangu alifumba macho, vidole vyake vikitembea mezani, na mimi nikasimama nyuma nikiomba kwa kila jina ninalolijua. Nilikuwa tayari adanganye. Ningeandika uongo wowote na kuupamba.

Lakini Usicheke hajui kusema uongo. "Siipati," akasema. "Najua ipo. Siipati, dada yangu, nisamehe. Ungekuja hata miezi mitatu nyuma, ningekwambia neno kwa neno."

"Nilikuja," akasema fundi cherehani. "Nilikuja mwezi wa nne. Dada akaniambia nivumilie."

Mume wangu akaugeuza uso kule alikodhani nimesimama. Nilikuwa upande wa pili. Sikumwambia niko wapi.

Fundi cherehani hakupandisha sauti. Laiti angenitukana, ningepata pa kushika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. "Mlikuwa mnangoja nini?"

Nikamjibu, maana ilibidi mtu ajibu. "Tulikuwa tunachagua pa kuiweka."

Akautazama ukurasa tena, weupe wake, jina lile juu, na mwanawe katikati amefungua mdomo. "Ni pazuri," akasema, akainuka kurudi kwenye cherehani yake.