Jumatano Orlene Alipoombea Chakula

Shangazi yangu Orlene Tibbs alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya mji wetu, hapa jimbo la Kansas, Marekani, mpaka shule ilipofungwa. Ilifungwa kwa sababu gavana aliwafutia wenye biashara kodi, akasema wakiachiwa pesa zao wataajiri watu, na watu wakiajiriwa serikali nayo itapata pesa za kuendesha shule. Haikupata. Watoto wakahamishiwa mji wa jirani, mwendo mrefu wa basi, na mimi nikaacha kwenda. Kanisani kwetu kwa Wabatisti waliendelea kuombea uchumi kama wanavyoombea mvua ya ngano.

Shangazi hakungoja. Aliomba masufuria ya shule yaliyokuwa yanatupwa, akayapeleka jiko la kanisa, na kila Jumatano jioni akapika kile kile alichokuwa akiwapikia watoto: maharage mazito ya pilipili na nyama ya kusaga, na kando yake andazi kubwa la mdalasini. Huku Kansas kimoja hakiliwi bila kingine. Alikula yeyote aliyekuja. Ukimuuliza mtu jina mlangoni, Shangazi anakupiga mkono kwa mwiko.

"Jina lake utalishiba wewe? Pitisha sahani."

Ndipo akaja Ndugu Wendell Stucky, shemasi, mwenye mazizi ya kunenepesha ng'ombe nje ya mji. Kodi aliyoachiwa ilimnunulia mashine ya kugawa chakula cha ng'ombe, na mashine ikamwachisha kazi Dewey Hatch na wenzake. Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, alisimama akasema Mungu amembariki, naye anataka kuwa baraka, hivyo nyama ya Jumatano ataitoa yeye. Watu wakaitikia amina. Shangazi pia, tena kwa sauti.

Baada ya ibada Wendell akamfuata jikoni.

"Kuna jambo dogo, Dada Orlene. Kabla ya kula, kila mtu asimame mbele atuambie wiki hii ametafuta kazi wapi. Mtu akilishwa bure anaharibika."

"Ng'ombe wako nao wanasimama kueleza, Wendell?"

"Usinitanie. Serikali imewadekeza hawa watu miaka yote. Sasa ni zamu ya kanisa, na kanisa lina haki ya kuuliza."

"Uliza. Lakini usimuulize mtu aliyeshika sahani tupu."

"Nyama ni yangu, dada."

"Na jiko ni la nani?"

Mchungaji Lyle alikuwepo, andazi mkononi. "Jiko ni la kanisa," akasema, macho yake kwenye andazi. "Tumpe Ndugu Wendell nafasi."

Jumatano tukakuta kipaza sauti kimesimamishwa mbele ya meza ya chakula. Wa kwanza kuitwa alikuwa Dewey, na binti yake mdogo amemshika suruali.

"Naitwa Dewey Hatch," akasema, kana kwamba Wendell hamjui. "Nimeuliza kiwanda cha nyama. Nimeuliza ghala la ngano. Hawana."

"Kwangu umeuliza?" Wendell akamuuliza kwa upole kabisa.

"Wewe ndiye uliyeniachisha, bosi."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza. Binti wa Dewey akaficha uso kwenye mguu wa baba yake. Mimi nilitaka kutupa kitu.

Mchungaji Lyle akaona mambo yanachacha, akakimbilia sala. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alimwambia Shangazi aombee chakula. Kwetu mtu akiombea chakula vichwa vinainama, macho yanafumbwa, na hakuna anayemkatiza kabla ya amina, hata moto ukiwaka.

"Bwana," Shangazi akaanza, "asante kwa ng'ombe huyu. Hakuulizwa ametafuta kazi wapi. Alilishwa mpaka akanona, tena kwa mashine. Asante kwa Wendell, uliyemfutia kodi. Samahani, si wewe, ni gavana. Siku hizi hapa tunawachanganya. Tuliambiwa Wendell akishiba kitadondoka kitu. Tumekaa chini ya meza yake, Bwana, tukingoja, na kilichodondoka ni Dewey."

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa anaomba huku anapakua. Alishuka na mstari, watoto kwanza, akiweka sahani kwenye mikono ya watu waliofumba macho. Shingo ya Wendell ilikuwa nyekundu, lakini kichwa hakukiinua.

"Ulipowalisha watu nyikani hukuwasimamisha mmoja mmoja wakajieleza. Mtoto huyu amemwona baba yake akivuliwa nguo mbele za watu, na sisi tunasema ni sadaka. Tuone haya, Bwana. Na kama hatuwezi kuona haya, basi tule tukijua tulichofanya."

Aliposema amina, hakuna aliyebaki bila sahani.

"Umetumia jina la Mungu kunitukana," Wendell akamwambia.

"Sijakutukana. Nimekutaja."

Wazee wa kanisa wakakutana, wakamnyang'anya Shangazi jiko. Jumatano iliyofuata alipika uani kwetu, maharage matupu, upepo ukizima moto kila mara. Wachache walikuja. Wengi walikwenda kanisani, kwenye joto na nyama, na Dewey alikuwa mmoja wao. Nikasema Dewey hana shukrani.

"Koma," Shangazi akanifokea. "Dewey ana mtoto. Wewe mkasirikie anayemngoja amalize kujieleza ndipo ampakulie."

Akavua aproni, akatembea mpaka kanisani, nami nyuma yake. Hakwenda jikoni. Alisimama mwisho wa mstari. Zamu yake ilipofika, Wendell mwenyewe ndiye aliyeshika mwiko.

"Dada Orlene, wewe huna shida ya chakula."

Shangazi akavuta kipaza sauti. "Naitwa Orlene Tibbs. Nilikuwa mpishi wa shule, ikafungwa ili huyu afutiwe kodi. Nikatafuta kazi jikoni humu, bila malipo, mkanifukuza. Wiki hii sijatafuta kwingine. Nipe sahani."

Wendell akamtazama Mchungaji. Mchungaji akatazama dirisha. Mwisho Wendell akapakua.

Shangazi hakwenda kukaa. Alikula palepale, amesimama kati ya kipaza sauti na watu wa mstari, akitafuna polepole, macho kwa Wendell. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Aliona hawezi kufikia kipaza sauti, akamzunguka Shangazi na kunyoosha sahani yake. Wendell akasita, kisha akamwekea bila kumuuliza kitu.

"Nyama yako ngumu," Shangazi akamwambia, akaendelea kutafuna.