Nyanda na Kopo la Mvua

Jamani, mtu akitaka kusoma, asome. Lakini asije na masomo yake nyumbani mwezi wa Desemba, mvua imegoma, akayafukia uani.

Mimi ni Ng'washi, dada mkubwa wa Nyanda. Nilimbeba mgongoni huyo, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Baba yetu, mzee Seni, alituhamisha kutoka Usukumani na ng'ombe wake mpaka Usangu kufuata majani. Wenyeji walitupokea vizuri, ila mgeni ni mgeni. Ukikohoa tu watu wanageuka. Nyanda ndiye wa kwanza kwetu kufika kidato cha tano, huko Iringa mjini, na katika masomo yote akachagua jiografia. Baba akiulizwa mwanawe anasomea nini, anajibu, "Anasomea dunia," na hakuna aliyethubutu kuongeza swali.

Likizo ya mwaka sabini na tano akashuka basi pale Chimala kapakata kopo refu la bati kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mwalimu wake wa jiografia, Mwalimu Kalinga, alikuwa amempa kila mwanafunzi kazi ya kufanya kwao, na Nyanda kaambiwa apime mvua ya Usangu. Kopo lina mdomo kama faneli, ndani lina chupa. Mvua ikinyesha inaingia, unaipima. Kazi hiyo ingehesabiwa kwenye mtihani wa mwisho. Akiivuruga, kafeli, na kwetu akifeli mmoja tumefeli ukoo mzima.

Sasa sikia alivyofanya. Akachimba shimo, akalifukia lile kopo nusu, mdomo ukabaki juu. Akazungushia miiba ili mbuzi wasilipige kumbo. Kila asubuhi anavaa shati lake jeupe la shule, anaingia peke yake, anainama, anachungulia, anatazama mbinguni, anaandika. Mtoto akisogea anafukuzwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kitu kimefukiwa ardhini, kimezungushiwa miiba, na mtu ni mmoja tu anayekiendea. Wewe Msukuma gani usiyejua watu watasema nini?"

"Dada, hii ni sayansi."

Haya, sayansi.

Mvua haikuja. Mahindi yakaanza kujikunja shambani. Na kibaya zaidi, ng'ambo ya mto ilinyesha, tunaiona kwa macho yetu. Basi minong'ono ikaanza kisimani, ikaenda kilabuni, ikarudi imenenepa: mtoto wa Seni kafunga mvua.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Saulo, akaitisha kikao. Neno lilikuwa wazi: kama Nyanda hafungui mvua, sisi na ng'ombe wetu tufungashe. Mama akaanza kulia papo hapo. Mimi niliogopa kwelikweli. Tungekwenda wapi tena?

Nyanda akasimama kufundisha. Akaeleza pepo, akaeleza mawingu, akasema milima ya Uporoto ndiyo inayokamata mvua yetu kabla haijatufikia.

"Milima ilikuwepo mwaka jana," akasema Bwana Saulo, "na tulivuna. Kilichoongezeka mwaka huu ni kopo."

Kikao kizima kikaitikia, eee! Kusema kweli hata mimi niliitikia, maana alisema vizuri.

Hapo Nyanda angenyamaza. Lakini msomi hanyamazi. "Wazee wangu," akasema, "kopo hili ni dogo tu, lakini maji yanayoingia humu ndiyo yanayotuonyesha mvua ya kijiji kizima."

Bwana Saulo akawageukia watu taratibu. "Mmesikia kwa kinywa chake? Mvua ya kijiji kizima imo humo."

Mayu wane, mama yangu! Nilitamani nimzibe mdomo kwa kanga.

Hukumu ikatoka: alifukue mwenyewe, mbele ya watu wote, alipindue, na libaki limepinduliwa mpaka balozi aseme vingine. Nyanda akajitetea: ni mali ya shule, jamani, na nikikosa vipimo nimekwisha. Baba akamwambia kwa upole, na upole wa baba ndio wa kuogopwa, "Mwanangu, pindua."

Akapindua. Akadondoka panzi mkavu.

"Ndiyo dawa yenyewe!" akapiga kelele mama mmoja, na watu wakatawanyika mbio, viatu vya wengine tukaviokota jioni.

Kesho yake mchana ikashuka mvua ambayo sijapata kuiona. Watu wanacheza matopeni, vigelegele kila nyumba, na Nyanda huyo anatoka mbio akaligeuze kopo apate walau nusu. Baba kasimama mlangoni na fimbo ya kuchungia. "Ukiligusa, wewe si mwanangu." Mdogo wangu akakaa chini akalia, kijana mzima wa kidato cha tano, mvua kubwa kuliko zote za msimu inapita mbele yake bila kupimwa. Nilimhurumia, nikakaa naye. Nje majirani wanaleta kuku wa shukrani. Tulikula kuku wiki nzima, yeye hakugusa hata bawa.

Januari balozi akaliachia kopo, Nyanda akarudi nalo Iringa. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Aliandika ukweli, maana uongo haumkai: siku ya mvua kubwa hakuna kipimo, kwa kuwa kopo lilikuwa limepinduliwa kwa amri ya balozi, ili mvua inyeshe. Mwalimu Kalinga akamwita ofisini, akausoma ule mstari, akausoma tena. Akavua miwani. Nyanda akajua basi, kwaheri mtihani, narudi kuchunga.

Mwalimu akainuka, akachungulia nje, akafunga mlango. Akamsogelea karibu na kushusha sauti.

"Kwetu Kalenga mahindi yanakauka," akasema. "Hebu niambie, mkono uliopindua ulikuwa wako au wa balozi?"

"Wangu, Mwalimu."

Jumamosi ya wiki ile ile wakaondoka wawili kwenda Kalenga, kopo kalipakata Mwalimu mwenyewe. Nyanda alifaulu, tena kwa alama za juu. Kama zilikuwa za jiografia, mimi sijui.